Asumini Yasema Nini? Somo la Taashira ya Ua

Mwaka huu nimekabidhiwa ukurasa wa somo, nami nimechagua jambo linalowatatiza wengi wetu kila tunapofika kwenye karatasi ya fasihi, yaani taashira. Na katika taashira zote nimechagua ile inayodhaniwa kuwa rahisi kuliko zote: taashira ya ua.

Shairi likitaja ua, aghalabu mwanafunzi hachelewi. Huandika: "Ua linaashiria mapenzi." Huweka nukta, akageuza ukurasa, akaenda swali la pili. Ukimwuliza, mbona mapenzi? Atakwambia, si kila mtu anajua! Basi makala haya yanataka kuonyesha kwamba ua halitembei na maana yake mfukoni. Maana ya ua iko katika saa lilipochumwa, mahali lilipowekwa, na mkono uliolitoa. Asiyeyatazama hayo matatu atakosa alama, na wakati mwingine atamkosea mtu heshima. Nitatumia ua tunalolijua sote tuliokulia Diani, Ukunda, Msambweni, Gazi hadi Vanga. Ua lenyewe ni asumini, ambayo wengine huiita yasmini.

TAASHIRA NI NINI?

Tuanze na msingi, kwa sababu mambo haya matatu huchanganywa sana.

Ukisema "Mwanasiti ni kama ua," umefananisha kwa kutumia kiungo "kama". Hiyo ni tashbihi.

Ukisema "Mwanasiti ni ua," umeondoa kiungo, ukamfanya mtu kuwa kitu. Hiyo ni sitiari, au istiara.

Lakini mtunzi akisimulia kuwa Mwanasiti alichuma asumini jioni akazifunga kwenye pindo la leso, hajasema kwamba Mwanasiti ni ua. Ua limebaki ua, leso imebaki leso. Ila wewe msomaji unahisi kwamba kitendo kile kimebeba jambo jingine zaidi. Hiyo ndiyo taashira. Kitu kinabaki kuwa kile kilivyo, na papo hapo kinabeba wazo.

Kwa hivyo ukitafuta taashira usilitazame ua peke yake. Tazama limefanywa nini.

MAJIRA YA KUCHIPUA NI YA NANI?

Vitabu vingi vya kigeni hutueleza kwamba ua la majira ya kuchipua ni ishara ya matumaini. Hilo ni kweli kwao. Ulaya ina majira manne. Kuna miezi ya baridi kali ambapo miti hubaki vijiti vitupu na ardhi huganda. Baridi ikipungua, maua ya kwanza hutokeza udongoni. Mtu aliyekaa gizani miezi ile yote akiliona ua la kwanza, lazima atasema, alhamdulillahi, tumevuka! Ndiyo maana Mwingereza William Wordsworth alitunga shairi lake mashuhuri juu ya dafodili, maua ya manjano ya kando ya ziwa, lililochapishwa mara ya kwanza mwaka 1807. Dafodili huhitaji ile baridi ili lichanue vizuri. Bila baridi hakuna ua, na bila ua hakuna matumaini yale.

Sasa wapeleke watoto wa nchi za joto wakariri shairi hilo. Mwandishi Jamaica Kincaid, mzaliwa wa kisiwa cha Antigua huko Karibi, ameligusa jambo hilo katika riwaya yake Lucy ya mwaka 1990. Humo msichana alikaririshwa shairi la dafodili shuleni, ilhali ua lenyewe hajapata kuliona. Maneno aliyajua, lakini taashira haikuwa yake.

Kwetu Kwale hatuna theluji ya kungojea iyeyuke. Tuna kaskazi na kusi, tuna masika na vuli. Masika hutujia kuanzia mwezi wa Machi au Aprili, yakashika kasi mwezi wa Mei, na vuli huja mwishoni mwa mwaka. Asumini ikipata maji na jua huchanua karibu mwaka mzima. Mvua zikipusa na jua likarudi, ndipo mti hujaa tumba hata majani yakafichika.

Je, hiyo ina maana kwamba ua letu halina majira? La hasha. Lina majira yake, ila hayahesabiwi kwa miezi, yanahesabiwa kwa saa.

SIKU MOJA YA ASUMINI

Hebu tuifuate asumini kutwa moja. Mchana wa jua kali tumba zimefumba, nyeupe na ngumu kidogo, hazina harufu ya kutosha hata nyuki kumgeuza shingo. Alasiri ikiisha, akina mama na mabinti huzichuma zingali tumba. Ukichuma iliyokwisha kuchanua umechelewa, itakufia mkononi. Magharibi ikiingia tumba huanza kufunguka moja moja, na kufikia isha uwanja mzima unanukia. Usiku wote harufu husafiri. Asubuhi ua limelegea, rangi yake inageuka udongo, na lililobaki mtini huanguka lenyewe.

Wanasayansi huuita mti huu Jasminum sambac. Hutueleza kwamba maua meupe yanayonukia usiku hulenga wadudu warukao usiku, kama nondo, ambao huifuata harufu gizani. Kwa hiyo harufu ile ya jioni ni kazi ya mti, haikuwekwa kwa ajili yetu. Sisi ndio tulioitia maana.

Na maana tuliyoitia ni ya ajabu ukiitazama kwa hesabu ya Waswahili. Kwa Mzungu siku huanza usiku wa manane. Kwa mahesabu ya wazee wetu siku mpya huanza jua linapotua, ndiyo maana Alhamisi usiku huitwa usiku wa Ijumaa. Kwa hivyo msomaji wa mbali akiiona asumini inachanua jioni atasema, "Ua hili ni ishara ya mwisho wa siku." Mzee wa Msambweni atasema kinyume, kwamba asumini huchanua siku inapoanza. Mti ni ule ule na saa ni ile ile, lakini taashira mbili. Basi ukisoma shairi, jiulize kwanza mtunzi anahesabu kwa saa ya nani.

Kuna jambo jingine la mti huu ambalo halijaandikwa sana kwenye mashairi nami naona lingefaa. Asumini ya nyumbani ni nadra kuzaa mbegu. Ndege hawezi kukuletea, wala upepo. Ukitaka kuipanda huna budi kwenda kwa mwenye mti, umwombe akukatie kijiti, ukakichomeke kwenye udongo wenye maji. Kila mti wa asumini unaouona Kwale ulitoka kwenye mti wa mtu mwingine. Asili yake ni huko Bara Hindi, na jina lake limetoka Uajemi likapitia Uarabuni, kwa hivyo tangu kale ilikuwa ikivushwa kwa mikono ya watu, kutoka bandari hadi bandari. Tena tunayo na ndugu yake wa mwituni, afu, anayejiotea mwenyewe vichakani bila kuombwa. Afu hana hadithi ya mkono. Asumini anayo.

KIKUBA, KISHADA NA KOJA

Ili kuisoma taashira ya asumini ni lazima tujue maneno yake, maana katika mtihani watu huyavuruga.

Kishada ni maua yaliyotungwa kwa uzi na sindano yakawa msururu mfupi wa kutiwa nyweleni.

Koja ni msururu mrefu wa kuvaliwa shingoni. Shaaban Robert alipoipa diwani yake jina Koja la Lugha alitaka tuone maneno yametungwa moja moja kama maua kwenye uzi. Hilo ni jina linalofundisha hata kabla hujafungua kitabu.

Kikuba ni kifungu cha asumini, rehani na vinukavyo vingine, ambacho mwanamke hukibandika kifuani au hukiweka ndani ya nguo.

Sasa angalia. Kishada kinaonekana, koja linaonekana zaidi, lakini kikuba mara nyingi hakionekani, hunusika tu. Aliyekaa karibu ndiye ajuaye. Ukikuta kikuba katika riwaya au wimbo, usikimbilie kuandika "urembo". Andika "ukaribu", "siri", "sitara". Mwana Kupona wa Pate, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, alimwusia asiache kunukia marashi na dalia nyumbani kwake. Hakumwusia anukie sokoni. Manukato katika utamaduni wetu yana mlango, nao ni mlango wa nyumba.

Harusini asumini ina kazi nyingi. Bibi harusi hupambwa kwayo baada ya singo na hina, na kitanda chake hutandazwa maua. Hapo taashira ya mapenzi ipo, sikatai. Lakini hata hapo haipo peke yake. Maua ya kitandani yatakuwa yamenyauka kufikia asubuhi, na kila aliyeyachuma alilijua hilo. Kwa hivyo yanambia bibi harusi mambo mawili kwa pamoja, kwamba usiku huu ni wako, na kwamba kesho utachuma mengine. Mapenzi hayatunzwi kwa ua moja. Hilo ndilo fundisho, na ua la plastiki linalouzwa madukani siku hizi haliwezi kulitoa, kwa sababu halinyauki. Sisemi ni baya, lang'aa na lina bei nafuu. Nasema tu kwamba ukiliweka mahali pa asumini umebadilisha sentensi.

NENO LILILOZUSHA MJADALA CHAMANI

Muhula wa pili tulijadili mada hii chamani. Mwenzetu mmoja, kijana hodari wa kuongea, alisimama akasema, "Taashira ya asumini iko wazi. Msichana akipita jioni amevaa asumini, anatafuta mchumba." Watu wakacheka, meza zikagongwa. Lakini mabinti wawili watatu hawakucheka, nami nilikuwa miongoni mwao.

Niliinua mkono nikamwuliza, "Je, ameivaa wapi, na anatoka wapi?"

Akasema, "Kwani kuna tofauti?"

Nikamwambia, "Tofauti ndiyo maana yenyewe." Huenda anatoka kwenye maulidi. Huenda ni Idi. Huenda shangazi yake ameolewa juzi na kishada kile ni cha kumi alichotunga, na kimoja kikabaki, akajitia. Huenda ameagizwa akapeleke maua kwa jirani naye ameyaning'iniza tu asije akayaponda mkononi. Wewe umeona ua, ukaziba mambo yote mengine, ukamhukumu binti wa watu kwa harufu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba somo hili si la karatasi tu. Katika mtihani ukiisoma taashira vibaya unapoteza alama mbili. Mtaani ukiisoma vibaya, binti anaweza kupoteza jina lake, na jina halisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Mwalimu mlezi wa chama alifunga mjadala kwa neno moja: "Anayesoma ishara ashuhudie kwanza, kisha ndipo afasiri." Naomba neno hilo liandikwe ubaoni katika kila darasa la fasihi.

UA LISILOCHUMWA

Mpaka hapa tumezungumzia ua lililochumwa. Lakini je, ua lisilochumwa halisemi? Ngoja nikupe mfano wa nyumbani.

Nyanya yangu anaishi Msambweni. Nyuma ya jiko lake kuna mti wa asumini ambao kijiti chake alipewa na mama mkwe wake mwaka aliolewa. Kila jioni, tangu nilipopata akili, nilimwona akichuma tumba akiziweka kwenye kisahani chenye maji. Kimoja alikiweka chumbani kwao, vingine akivigawa. Babu alipofariki, nyanya aliingia eda. Kama wengi mnavyojua, mwanamke Mwislamu aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Katika muda huo hajipambi, hatii hina, wala hajitii manukato.

Nilikuwa likizoni nikikaa naye. Mti haukujua kwamba kuna msiba. Mvua zilikuwa zimepusa, ukachanua kama kwamba umelipwa. Jioni harufu ikajaa uwani, nyanya amekaa kwenye mkeka na leso yake iliyofifia, hakuinuka. Asubuhi maua yalikuwa yametandaa chini, meupe yote, kuku wanayakanyaga. Siku ya tatu nikashindwa kunyamaza.

"Nyanya, mbona maua yaharibika bure? Niyachume niwapelekee majirani?"

Akatazama mti, kisha akanitazama mimi. "Hayaharibiki, mjukuu wangu. Yaache. Nayo yanakaa eda."

Sikumjibu. Na kwa kweli nilipofika shuleni nikaketi na daftari la fasihi, jibu lake lilinifundisha kuliko daftari. Kwa miezi minne mti ule ulizungumza kwa kutochumwa. Jirani aliyepita akaona ardhi nyeupe asubuhi alijua hali ya nyumba ile bila kuuliza. Kutokuwepo kwa kishada nyweleni kulikuwa ni tangazo la msiba, na maua yaliyoanguka chini yalikuwa ni heshima kwa marehemu.

Eda ilipokwisha, shangazi alimletea kikuba alichokitunga kwa mkono wake. Nyanya alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa muda mrefu. Hakukitia kifuani. Alikifunga kwenye pindo la leso, mahali anapofunga pesa zake za kwenda sokoni, akaenda kupika. Tangu hapo huwa anachuma tena, lakini huchuma za kugawa tu.

Sasa, msomaji, hesabu nami. Mti ni mmoja na mwanamke ni mmoja. Kisahani chumbani kilisema ndoa. Maua chini yakasema eda. Kikuba pindoni kikasema nini? Mimi naona kilisema kumbukumbu, kitu cha thamani kinachowekwa pamoja na akiba. Ukinijibu "mapenzi" sitakukatalia, lakini utakuwa umetumia neno moja kwa mambo matatu.

Na hili la ua lisilochumwa si geni katika wilaya zetu. Nenda Kaya Kinondo, huko Diani, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni huvishwa kitambaa cheusi kabla ya kuingia, na huambiwa asichukue kitu chochote ndani, hata jani. Maua ya mle ndani hayapambi kichwa cha mtu. Maana yake yako katika kuachwa. Hatua mia kadhaa tu kutoka hapo, kwenye hoteli za ufukweni, mtalii hukaribishwa kwa ua la mboganvilia au jingine la rangi kali, naye hulitia sikioni akapigwa picha. Ua la kaya lasema "acha". Ua la hoteli lasema "karibu". Yote mawili yako Diani.

ASUMINI NG'AMBO

Tukitoka nje ya pwani yetu tunakuta asumini ikisema lugha nyingine. Ufilipino waliifanya ua la taifa mwaka 1934, na Indonesia nayo imeifanya mojawapo ya maua yake ya taifa. Kusini mwa India wanawake huzitunga zikawa misururu ya nywele za kila siku, bila kungojea harusi. Tunisia ni wanaume wanaotia kikuba cha asumini sikioni jioni ya kiangazi, wakaenda nacho mkahawani, na hakuna anayewacheka. Mweleze hilo yule mwenzetu wa chamani!

Tunisia hiyo hiyo inatupa mfano mkubwa wa hatari ya taashira ya kuazima. Tarehe 17 Desemba 2010, kijana mchuuzi aitwaye Mohamed Bouazizi alijitia moto katika mji wa Sidi Bouzid baada ya kunyang'anywa bidhaa zake. Maandamano yakaenea nchi nzima, na tarehe 14 Januari 2011 Rais Ben Ali akakimbia. Magazeti mengi ya nje yaliyaita matukio hayo "Mapinduzi ya Yasmini", na wimbi lililofuata katika nchi za Kiarabu likaitwa majira ya kuchipua. Ni majina mazuri yanayonukia. Lakini Watunisia wengi hawakuyapenda, wakayaita "Mapinduzi ya Heshima". Kwao aliyeungua alikuwa mtu aliyedai heshima yake, na ua lilionekana kumfunika. Unaona? Aliye mbali alichagua ua, na aliyekuwepo akachagua neno. Ndiyo maana nasema tazama mkono uliotoa.

JINSI YA KUJIBU SWALI

Sasa turudi kwenye karatasi. Ukikuta ua, au kitu chochote kinachoshukiwa kuwa taashira, jiulize maswali haya kabla ya kuandika:

1. Ni saa gani, na kwa hesabu ya nani?
2. Liko wapi: mtini, nyweleni, kifuani, pindoni, kaburini, chini?
3. Nani kalitoa, na nani kalipokea?
4. Limechumwa au limeachwa?
5. Kesho yake litakuwaje?

Tujaribu na ubeti huu nilioutunga kwa ajili ya zoezi:

Asumini nakuchuma, jua lishukapo chini,
Kichwa bado wainama, harufu iko moyoni,
Usiku wote wavuma, hata kwa jirani ndani,
Asubuhi umekoma, wabaki kumbukumbuni.

Mwanafunzi wa haraka ataandika: "Ua linaashiria mpenzi wa mshairi." Mwanafunzi mwangalifu atasema hivi. Nafsineni anachuma tumba jioni, kabla halijanukia, kwa hivyo ua laashiria kipawa au mtu ambaye bado hajajulikana. Usiku harufu inavuka hadi kwa jirani, nayo ni sifa inayoenea bila kupigiwa debe, kama wahenga walivyosema, chema chajiuza. Asubuhi ua limekoma lakini limebaki kumbukumbuni, kwa hivyo laashiria maisha mafupi yenye faida. Huyo anaweza kuwa mpenzi, anaweza kuwa mwalimu, anaweza kuwa mtoto aliyefariki mapema. Ubeti haukutaja. Ukitaja mmoja, toa ushahidi, na kama huna ushahidi sema taashira inaruhusu zaidi ya jambo moja. Mtahini hatakunyima alama kwa kuwa mwangalifu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Eleza tofauti ya tashbihi, sitiari na taashira kwa kutumia ua moja.
2. "Ua lisilochumwa lina maana zaidi ya lililochumwa." Jadili ukitoa mifano miwili kutoka mazingira yako.
3. Mwulize mzee mmoja wa kwenu ua analolikumbuka, na lilivaliwa lini. Andika aya moja bila kutumia neno "mapenzi".
4. Ua la plastiki linaweza kuwa taashira? Ya nini?

Kabla sijatua kalamu, nina ombi moja. Swali la tatu msilifanye kwa ajili ya alama tu. Wazee wetu wanajua ua gani lilitiwa wapi na kwa nini, na ujuzi huo, kama asumini yenyewe, hauoti kwa mbegu. Haupeperushwi na upepo ukakuangukia mlangoni. Ni lazima uende kwa mwenye mti, ubishe hodi, uombe kijiti. Basi likizo ijayo wende ukabishe.